Hufunguka kwa Kulia

Kwa watu alikuwa mpole, tena mpole wa kupitiliza. Kwa bolti hakuwa na adabu hata chembe. Ndiyo maana gerejini walimwita Mdomo. Mgeni aliyelisikia jina hilo alidhani ataletewa msemaji, mtu wa kelele na visa. Kumbe aliletewa mwanamume mrefu, mabega yameinama, anayeitikia salamu kama anayeomba radhi, na anayefuta kiganja kwenye suruali kabla hajathubutu kukupa mkono. Lakini subiri aingie chini ya gari. Subiri akutane na bolti iliyoshikwa na kutu. Hapo ndipo jina lilipomkaa.

"Wewe chuma usiye na haya! Umelala humo miaka yote, nani kakukaribisha? Toka! Toka nje watu wakuone hiyo sura!"

Mafundi wengine waliacha kazi zao wakasikiliza. Cheche, mchomeleaji wa banda la pili, aliapa kwamba aliwahi kuona nati ikijilegeza yenyewe kwa aibu. Mdomo alipoulizwa alitabasamu akitazama chini, akaeleza kuwa hakuna miujiza yoyote. Kutu haitaki pupa. Unaipaka mafuta, unaigonga kidogo, unaipasha moto, unangoja, unarudia. Na kungoja ndiko kugumu, kwa sababu mikono ya fundi ikichoka kungoja humshawishi avunje. Yeye akitukana, hasira humtokea mdomoni, na mikono hubaki na subira yake. Ndivyo alivyojifunza kazi, ndivyo alivyozeeka nayo. Bolti alizolazimika kuzikata katika maisha yake zilikuwa chache, na kila moja aliikumbuka, kama mtu anavyomkumbuka aliyemvunjia heshima.

Mkewe alikuwa binti wa mwoka mikate. Mdomo alimwona mara ya kwanza nyuma ya meza ya kuuzia, nywele zimemchafuka unga, akimcheka mteja aliyekuwa akibonyeza kila mkate. Akawa mlaji mkubwa wa mikate. Siku moja alipokuja, akaona miguu ya mwanamume imetokeza chini ya pikapu ya mikate, na nyundo inalia huko chini bila mpangilio. Akakusanya ujasiri wote aliokuwa nao, akainama.

"Shikamoo mzee. Mimi ni fundi, naweza kukusaidia."

"Marahaba. Nisaidie kwa kuondoka hapo, umenikinga mwanga."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya kwanza na baba mkwe wake, na kwa kweli yaliyofuata hayakuwa marefu zaidi. Mzee alimpa binti bila tabu, gari hakumpa. Mdomo alipomwomba walau aiangalie injini, mzee alimkatiza: "Binti yangu ukimharibu atasema. Gari halina wa kulisemea ila mimi."

Na lilihitaji kusemewa kweli. Mzee alikuwa analitengeneza kwa chochote kilichokuwa karibu. Uani kwake palikuwa na mashine kuukuu ya kukandia unga, iliyokufa zamani, na badala ya kuitupa aliigeuza duka lake la vipuri. Kitasa cha mlango wa pikapu kilitoka kwenye mashine ile. Mpini wa kupandishia kioo ulitoka kwenye mashine ile. Kila mwaka mashine ilipungua na pikapu ikanenepa, mpaka mama mkwe akawa anasema kwamba siku moja ataliwasha gari likande unga.

Kisha mzee akaugua, na ugonjwa haukumchelewesha. Msibani watu walilia mpaka wakanyamazishana. Mama mkwe peke yake hakulia. Alipokea wageni, aliuliza nani hajala, alikunja shuka za marehemu kona kwa kona, na kesho yake alfajiri aliwasha tanuri. Majirani walinong'ona, maana macho makavu ya mjane huwaudhi watu kuliko deni. Binti yake alimwambia, "Mama, lia basi, usijiumize." Akajibu, "Mikate haitaki chumvi ya ziada," akaendelea kukanda.

Kazi ya kusambaza mikate akaichukua yeye mwenyewe. Alijifunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kiti cha dereva ambacho mzee alikuwa amekibonyeza kwa umbo lake, akazunguka maduka yote yaliyomzoea marehemu. Alikuwa akiendesha taratibu, akipiga honi kwa kila mtu, pamoja na kuku. Watoto wa mtaani walimpenda. Mwenyewe, akiwa ndani ya pikapu ile, alionekana mtu aliyeketi nyumbani kwake.

Basi gari likaanza kuyumba. Kwanza lilikuwa linagonga kwa chini likipita shimo, kama mtu anayebisha hodi. Baadaye likawa linajivutia pembeni lenyewe, na asubuhi moja likamshinda, likaingia mtaroni na mikate yake. Hakuumia. Lakini mwanawe wa kwanza, muuza vitanda, mtu wa sauti kubwa na moyo wa woga, aliposikia alifika mbio huku amevaa kiatu kimoja na ndala moja.

"Mama, basi! Baba amekufa, na wewe unataka kumfuata na hili kopo? Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kulichukua. Wewe unahamia kwangu. Chumba kipo."

"Na mikate?"

"Mikate ipo madukani."

"Iko madukani kwa sababu mimi naipeleka."

Walibishana mpaka binti akaingilia kati, wakafikia mapatano. Gari lilikuwa linakaribia siku yake ya ukaguzi. Likipita, kaka mtu hatasema neno tena. Lisipopita, linakwenda kwenye vyuma chakavu na mama anahamia nyumbani kwa mwanawe, kwenye chumba kizuri chenye kitanda kizuri, ambako hakuna tanuri wala njia ya kwenda popote. Mama mkwe alikubali, kisha akamgeukia binti yake. "Mwambie mumeo," alisema. Hakusema zaidi.

Hivyo, siku moja kabla ya ukaguzi, pikapu ya mikate iliingia gerejini kwa honi. Mama mkwe akashuka. Mdomo akaufuta mkono kwenye suruali, akaufuta tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mgonjwa." Akatazama huku na huku, akaona kreti tupu la soda, akaligeuza, akaketi juu yake palepale, hatua chache kutoka gurudumu la mbele.

"Mama, itachukua muda. Ungekwenda nyumbani ukapumzika."

"Nyumbani nitapumzikia nini? Fanya kazi yako, mimi sikuzuii."

Alimzuia vibaya sana, ila hakujua. Maana Mdomo alipoipandisha pikapu kwa jeki na kuingia chini, aliona upesi ugonjwa ulipo. Mkono wa chini, ule mkono wa chuma unaolishika gurudumu la mbele upande wa dereva, raba zake za ndani zilikuwa zimekwisha kabisa. Chuma kilikuwa kinacheza ndani ya chuma. Raba mpya anazo. Kuziweka si kazi. Kazi ni kuutoa huo mkono, nao umeshikiliwa na bolti mbili ndefu, moja nyuma na moja mbele, na zote mbili zilikuwa zimevaa kutu nene kama gome la mti. Hapo, siku nyingine yoyote, angefungua kinywa. Sasa alilisikia kreti likilia chini ya mama mkwe wake, akafumba.

Bolti ya nyuma aliishughulikia kimya kimya. Mafuta, nyundo, moto kidogo, mafuta tena. Ilikataa, ikasita, ikatoka. Jasho lilikuwa linamtiririka kama aliyeitoa kwa meno.

Cheche akapita na kofia yake ya kuchomelea. "Jamani, leo Mdomo kawekwa kufuli? Nilidhani banda limefungwa!"

Mdomo akamwonyesha kreti kwa macho. Cheche akaona, akaelewa, akacheka mpaka akashika nguzo. "Shikamoo mama! Leo umetutengenezea gereji ikawa shule ya dini!"

Ikabaki bolti ya mbele. Mdomo aliona kwamba kichwa chake hakifanani na cha mwenzake; spana iliyoingia kule haikuingia huku, ikabidi atafute nyingine kubwa zaidi. Hakushangaa. Alijua mzee alikuwa anaokoteza. Nati ya upande wa pili haikuonekana, ilikuwa imechomelewa ndani ya fremu, mahali pasipoingia mkono wala spana. Akapaka mafuta, akagonga, akapasha moto, akangoja, akatia spana, akavuta kushoto. Ikasogea. Kidogo tu, unywele, lakini ilisogea, na moyo wake ukaruka. Akavuta tena. Ikagoma. Na tangu hapo, kila alipovuta ilikuwa ngumu kuliko mwanzo, kama mtu aliyejibanza mlangoni akisukumwa.

Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi. Bomba likapinda. Akapasha moto mpaka kichwa cha bolti kikawa chekundu. Kikapoa, kikabaki palepale. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

"Baba," mama mkwe akasema kutoka kwenye kreti, "mbona huisemeshi?"

"Nani, mama?"

"Hiyo bolti. Binti yangu ananiambia wewe ukikutana nazo huzitukana mpaka zinatoka. Itukane tu. Mimi nitaziba masikio."

Mdomo akahisi uso unawaka kuliko ile bolti. Akachungulia: kweli, mama ameweka viganja masikioni, ametazama pembeni kwa heshima zote. Akarudi chini, akakohoa, akajaribu.

"Wewe... bolti. Si vizuri hivyo."

Banda zima likaangua kicheko. "Si vizuri hivyo!" Cheche akarudia, machozi yakimtoka. "Mpe na shikamoo kabisa!"

Alasiri kaka mtu alifika kuona mambo yamefikia wapi. Alimsalimu mama yake, akachuchumaa kando ya gurudumu.

"Shemeji, vipi huko?"

"Moja imetoka. Moja bado."

"Bado kidogo au bado sana?"

Mdomo hakuwa mtu wa kudanganya. "Bado sana."

"Shemeji, usijivunje mgongo. Hiyo bolti imeshaoa humo ndani, ina watoto na wajukuu." Alikuwa anatania, lakini sauti yake haikuwa na furaha. Akainamisha kichwa, akasema kwa chini ili mama asisikie: "Sikiliza, mimi simchukii. Nililiona gari likiwa mtaroni, gurudumu linazunguka hewani, nikadhani nimebaki yatima pande zote mbili. Unanielewa?"

"Nakuelewa, shemeji."

"Basi ikishindikana, iache ishindikane. Hakuna atakayekulaumu."

Alikosea hapo. Mdomo angejilaumu mwenyewe. Alilala kwenye kipande chake cha boksi, akaitazama ile bolti, na akaona hakuna jingine la kujaribu ila kukata. Na kukata alijua maana yake. Nati imechomelewa kwenye fremu, na fremu pale imeliwa na kutu, imebaki nyembamba kama kopo. Ukikata bolti unaondoka na kipande cha fremu. Na fremu iliyokatwa na kuungwaungwa mkaguzi haipitishi, hata umwimbie. Kukata bolti ile kulikuwa sawa na kumfungia mama mizigo yake.

Akatoka chini ya gari. Hakuweza kumtazama mama mkwe.

"Cheche," akasema, "niletee gesi."

Cheche safari hii hakucheka. Alikwenda, akarudi anaburuta mtungi na mpira wake, akauweka karibu na gurudumu. Mdomo akachukua miwani ya kukatia, akarudi chini. Hapo ndipo mama mkwe alipoinuka kwenye kreti.

"Ngojeni." Akamgeukia mwanawe. "Wewe, nenda kaniletee maji ya kunywa. Ya baridi."

"Mama, maji si haya hapa?"

"Nimesema ya baridi. Na wewe mwenye gesi, mwanangu, kuna mtu anakuita kule."

"Nani, mama?"

"Nenda utamwona."

Wakaondoka wote wawili. Mama mkwe akalisogeza kreti karibu zaidi, akaketi. Mbele yake palikuwa na viatu viwili vya fundi vilivyotokeza chini ya pikapu, vimepasuka kwa mbele, vimejaa grisi. Uso wa mkwe hauonekani. Labda ndiyo sababu aliweza. Kusema na viatu ni rahisi zaidi.

"Baba, nina neno lako. Nimelikalia tangu msiba."

Viatu havikutikisika.

"Marehemu, zile siku za mwisho, alikuwa anaweweseka sana. Habari za gari, habari za tanuri, habari za mama yake. Mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama. Nikamwambia, usinitazame hivyo, mimi nimekaza roho. Akafumba macho, nikadhani amelala. Halafu akasema, 'Ile ya mbele, ikikaza, hufunguka kwa kulia. Mwambie mkwe.' Hivyo tu. Kesho yake hakusema tena."

Kwa mbali kulisikika mtu akipiga bati.

"Nikaona aibu. Niende nikuambie nini? Kwamba mama mkwe wako ameamriwa alie, na wewe ndiye msimamizi? Nikasema ni homa hiyo, si yeye. Tena nikamkasirikia. Mtu anaondoka, anakuachia kila kitu, na bado anakupangia na namna ya kuhuzunika! Nikasema, silii. Na sijalia." Akaishika ncha ya kitambaa chake. "Sasa nakuona toka asubuhi unahangaika na kitu chake, nacho kimekaza vilevile. Nikasema labda ni mimi. Labda nimezuia jambo."

Sauti ikatoka chini ya gari, ndogo, ya mtu anayetembea gizani na hataki kukanyaga kitu.

"Mama. Alisema 'ile ya mbele'?"

"Ile ya mbele. Nilidhani anasema kifua."

"Na alisema hufunguka kwa kulia. Neno lenyewe hilo."

"Neno lenyewe hilo. Kwa kulia."

Miwani ya kukatia ikasikika ikiwekwa sakafuni. Ukafuata mkwaruzo wa brashi ya waya, kwa nguvu, kwa haraka, kama mtu anayesugua chungu kilichoungua. Mdomo alikuwa amekumbuka kichwa kisichofanana na mwenzake. Alikuwa amekumbuka mashine ya kukandia unga kule uani, mfupa mtupu, na mhimili wake uliokuwa unazunguka na kuzunguka. Na bolti za mihimili ya namna ile, ili zisijifungue mashine inapozunguka, huchongwa kinyume. Ncha ya bolti ilikuwa imetokeza kidogo upande wa pili wa fremu, imefunikwa na grisi ya miaka. Akaifuta kwa tambara, akaimulika. Njia za uzi wake, ile mikato inayozunguka bolti, zilikuwa zimelala upande mwingine, kama mwandiko wa mtu wa mkono wa kushoto.

Mzee alikuwa amechomoa bolti ya mashine na nati yake, akaichomelea nati kwenye fremu, akafunga. Bolti ya kinyume. Nyingine zote hufunguka kwa kushoto. Hii hufunguka kwa kulia. Na yeye, fundi wa kuzitoa bolti zilizoshindikana, toka asubuhi alikuwa anaikaza.

Kwanza alicheka, kicheko kisicho na sauti, tumbo likitikisika kwenye boksi. Kisha kicheko kikakwama mahali, kwa sababu neno jingine lilimfikia kwa kuchelewa. *Mwambie mkwe.* Yule aliyemwambia amemkinga mwanga. Yule ambaye hakumruhusu hata kufungua boneti. Alipojua kwamba hatarudi tena chini ya pikapu ile, alikuwa amewaza ni nani atakayelala mahali pake, akamtumia siri ya gari. Mjumbe ndiye aliyeona haya.

"Mama," akasema, "hakuwa anaweweseka. Alikuwa ananielekeza. Hii bolti ni ya kinyume. Badala ya kwenda kushoto, inakwenda mkono wa kulia."

Viatu vilikuwa vimetulia. Mama mkwe alivitazama kwa muda mrefu.

"Mkono wa kulia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo si mimi. Alikuwa anasema gari."

Mdomo aliisikia sauti yake ikishuka, kama mtu aliyenyang'anywa kitu alichokuwa anakichukia lakini alikuwa amekizoea mfukoni. Hakuwa na maneno ya kuwapa watu, siku zote hakuwa nayo. Aliyatafuta humo chini, kati ya fremu na ekseli, kama anayetafuta spana iliyoanguka.

"Sijui, mama," akasema mwishowe. "Ulimwambia umekaza roho, naye akajibu. Labda alikuwa amebakiwa na pumzi ya neno moja tu, na watu wawili wa kuwapa."

Akatia spana. Akachomeka bomba lililopinda. Akaweka mguu wake kwenye gurudumu la nyuma apate egemeo, akavuta kwenda kulia.

Haikusogea. Akavuta tena, polepole, bila kukurupuka, na akasikia kwenye viganja kabla ya kusikia masikioni: kitu kimeachia. Kisha ikaja sauti yenyewe, ndefu, nyembamba, ya chuma kikitoka kwenye kutu, sauti iliyopanda mpaka ikawa kama ya mtoto.

"Ni nini hiyo?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo hiyo, mama. Inalia."

Akazungusha, ikalia tena. Akazungusha, ikalia. Na katikati ya kilio kimoja na kingine, alisikia sauti nyingine iliyoanza chini sana, karibu na kreti, ambayo mwanzoni aliidhania ni chuma.

Aligandisha mkono. Kupitia nafasi kati ya gurudumu na sakafu aliona miguu ya mama mkwe imebanana, na mkono umeshika kitambaa, na matone yanaanguka kwenye vumbi la sakafu karibu na kidole chake cha mguu. Alilia kama mtu asiyejua inavyofanywa, kwa kukosea kosea, akivuta pumzi mahali pasipo pake. Kisha akajua.

Bolti ilikuwa imekwisha kulegea. Mdomo aliimalizia kwa vidole, akaichomoa, akailaza kifuani pake, bado ina joto. Kazi imekwisha. Angeweza kutoka. Lakini atokeje, mkwe, akamkute mama mkwe wake katika hali ile? Na banda limejaa watu, na nyundo zote zimeacha kupiga, mafundi wameanza kutega sikio. Cheche alikuwa anarudi, huyo hapo, amegundua hakuna aliyemwita.

Basi Mdomo akafungua kinywa.

"Wewe chuma mlaaniwa!" akapaza sauti, akagonga nyundo kwenye fremu tupu. "Kichwa maji! Ulijificha humo unadhani sitakupata? Nyau wee! Toka, nimesema toka! Babu yako alikuwa sufuria! Mama yako—" hapo akajirudi kidogo "—mama yako nampa pole kwa kukuzaa!"

Cheche akasimama pale alipokuwa, akaangua kicheko. "Haya! Mdomo amepona! Jamani, njooni msikie!" Banda likachangamka, nyundo zikaanza upya, watu wakacheka na kupiga miluzi, na ndani ya kelele hizo mama mmoja aliyeinama juu ya kreti alilia msiba wake wote bila kusikiwa na yeyote, ila mmoja.

Kaka mtu alirudi na chupa ya maji, akamwona mama yake amejifunika uso kwa kitambaa, akadhani ni uchovu. Akainama kando ya gurudumu.

"Bado tu, shemeji?"

Bolti ilikuwa kifuani pa Mdomo, inapanda na kushuka pamoja na pumzi yake.

"Bado, shemeji," akajibu. "Hii ni mkaidi kweli. Tuivumilie kidogo." Akagonga nyundo. "Sikia wewe, mjukuu wa bisibisi!"

Alitukana mpaka sauti ikamkauka, na mpaka aliposikia kreti likilia na mama akipenga kamasi na kusema, kwa sauti yake ya kila siku, kwamba maji haya si ya baridi. Ndipo alipotoka, amejaa kutu usoni, ameinua ile bolti juu. Kaka mtu aliichukua, akaigeuza geuza, akaangalia fremu nzima isiyo na jeraha. Kisha akaketi sakafuni kwa suruali yake safi, kama aliyeishiwa nguvu, akauliza kama kuna kazi anayoweza kushika. Mdomo akampa tochi amulike.

Raba mpya ziliingia kabla jua halijazama. Bolti ile Mdomo hakuibadilisha, ingawa angeweza. Aliisugua ikang'aa, akaipaka grisi, akairudisha mahali pake kwa kushoto, na pembeni ya kichwa chake, kwenye fremu, akaandika kwa rangi nyeupe na brashi ndogo: KULIA. Ni kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yake, alisema.

Kesho yake mama mkwe aliipeleka pikapu mwenyewe kwenye ukaguzi. Mdomo na kaka mtu walikaa nyuma penye kreti za mikate, wamenyamaza kama watoto wanaopelekwa kwa daktari. Mkaguzi alitikisa magurudumu, akayatikisa tena, akaingia chini na tochi yake. Alikaa huko. Kisha sauti yake ikatoka, imechanganyikiwa.

"Mama, huku chini mmeandika 'kulia'. Gari hili linalia wapi? Mbona mimi sisikii kitu?"

"Lilikuwa linalia," mama mkwe akasema. "Limenyamaza." Akafungua mlango kwa kile kitasa cha mashine ya unga, akakaa mahali pake. "Nipigie mhuri, mwanangu. Mikate inapoa."